Mwanangu Anasema Hana la Kuandika

BARUA KWA MWALIMU

Toleo lililopita niliwaomba wazazi na walimu wa madarasa ya chini waniandikie kuhusu watoto na uandishi. Sikuwa na maana ya mwandiko, ile kazi ya kupanga herufi juu ya mstari. Nilimaanisha mtoto kushika kalamu na kueleza yake mwenyewe: alichokula, aliyemkuta kisimani, kilichomtisha usiku. Barua zimetoka Malaba, Mukono, Iganga, Tororo, Arua na Bombo. Kwa anayeisoma safu hii mara ya kwanza, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Jinja, Uganda. Nimefundisha P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu, kwa miaka 31, na ninakaa Walukuba, mtaa uleule niliozaliwa, ambako wafanyakazi wa viwanda walitoka kila pembe na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya kuombana chumvi. Shule zilipofungwa Machi 2020, watoto wa majirani walianza kuniletea karatasi zao mlangoni. Zilipofunguliwa tarehe 10 Januari 2022 hawakuacha, na mpaka leo wanakuja. Mengi nitakayosema yametoka kwenye karatasi hizo.

*

*Shikamoo mwalimu. Nina mtoto wa kiume, ana miaka saba, yuko P2. Kwa mdomo ni hodari, anasimulia tangu anatoka shule mpaka usingizi unamchukua. Lakini mwalimu akisema andikeni habari za nyumbani, analeta ukurasa mtupu, au anaandika "Mama yangu ni mzuri. Baba yangu ni mzuri" basi. Nikimuuliza anasema, "Mama, sina la kuandika." Baba yake ni dereva wa trela, hakai sana nyumbani. Mimi nauza chai na chapati karibu na foleni ya malori. Nifanyeje?*
*— Mama wa P2, Malaba*

Marahaba, mama. Mtoto anayesimulia mpaka alale analo la kuandika, tena kibao. Asichojua ni kwamba hilo alilo nalo ndilo linalotakiwa.

Watoto wetu wameelewa, bila mtu kuwaambia waziwazi, kwamba daftari ni mahali pa mambo makubwa. Krismasi, Idi, harusi ya shangazi, safari ya shule kwenda Entebbe kuwaona simba. Sisi walimu tumechangia sana. Tunampa mtoto wa miaka saba mada "Siku ambayo sitaisahau", naye hajaishi siku za kutosha hata achague moja. Akikosa kubwa la kusema anakimbilia sentensi ambayo hakuna wa kumlaumu nayo: mama yangu ni mzuri.

Sasa wewe unauza chai kwenye foleni ya Malaba! Usimwambie "andika habari za nyumbani". Hizo ni pana mno, hajui aanzie wapi. Muulize dogo, la kushikika. Nani alinunua chapati ya kwanza leo? Yule tanboi, msaidizi wa dereva, aliyelala chini ya trela alijifunika nini? Lori lililokaa siku tatu bila kusogea limebeba nini? Akijibu, usikimbilie kumsifu. Muulize tena kidogo: "Ulijuaje kwamba ni vitunguu?" Atakueleza harufu, au maganda yaliyokuwa yakipeperuka chini ya turubai. Hapohapo, kabla maneno hayajapoa, mwambie: "Hilo ulilosema sasa hivi, liandike hivyohivyo." Sentensi moja inatosha. Akitaka kuchora kwanza, achore. Mtoto akichora trela anahesabu magurudumu, na akiyahesabu anakumbuka moja lilipasuka, na hapo habari imeanza.

Nikueleze kilichonifundisha mimi haya, maana sikuyajua nilipoanza kazi.

Nilikuwa na binti wa P2. Kila Jumatatu tulikagua mikono na kucha kwenye gwaride la asubuhi, na Jumatatu tatu mfululizo nilimtoa kwenye mstari kwa sababu viganja vyake vilikuwa na madoa meusi. Nilimtuma bombani. Alinawa, akarudi na madoa yake, akasimama kimya. Wiki ya nne nikawapa darasa vipande vya karatasi, nikawaambia waandike kuhusu kitu kimoja kilichoko nyumbani kwao, kimoja tu, kwa lugha yoyote wanayoiweza. Karatasi yake ninayo mpaka leo:

"Jerikani yetu aina kifuniko. Mama anaziba na ndizi mbichi. Anakata ncha anasukuma ndani. Mimi nabeba. Ndizi inatoa utomvu. Mikono yangu si chafu mwalimu ni ndizi."

Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena. Hakuna mtu aliyekulia Uganda asiyelijua jerikani lililozibwa kwa ndizi au kiazi. Mimi mwenyewe nimeyabeba hayo utotoni, na utomvu wa ndizi ninaujua, unashika ngozi na sabuni haiung'oi. Lakini Jumatatu zote tatu niliona uchafu. Nilimwita nikamwomba msamaha, nikamuuliza mbona hakuniambia pale pale gwarideni. Akasema, "Pale kuna watu."

Tazama jinsi alivyoandika. Hakuna "nzuri", hakuna "nilifurahi". Mtu ambaye hajawahi kuziba jerikani kwa ndizi akiisoma karatasi ile anaweza kwenda kuliziba. Miaka saba huyo, na hakuwa miongoni mwa watoto waliokuwa wakiongoza darasani.

Kwa hiyo, mama, mnunulie daftari la kurasa 48, liwe lake, lisiwe la shule. Muda mzuri ni baada ya chakula, sigiri ikiwa bado na moto na wewe umekaa. Dakika kumi, basi. Jioni nyingine hataki, mwache. Lakini usiligeuze kuwa adhabu hata siku moja. Mtoto akisikia "hukuosha vikombe, nenda kaandike ukurasa mzima", umeliharibu daftari lile.

Na baba yake ana kazi ya kufanya huko huko barabarani. Mtoto aandike sentensi mbili, wewe zipige picha umtumie kwa WhatsApp. Mwombe baba asijibu "safi sana mwanangu". Ajibu habari yenyewe: "Huyo tanboi alikula chapati ngapi? Alilipa?" Mtoto akiulizwa swali na mtu aliyeko Mombasa au Juba, kesho yake atakwenda kumtafuta tanboi ampe jibu.

*

*Mwalimu, binti yangu wa P1 anaandika kama anavyosikia. "Arusi". "Mutoto". Juzi ameandika "tulikula kalamu kwa shangazi", nikacheka mpaka machozi. Mume wangu hacheki. Anasema tukimwacha atazoea makosa mpaka ukubwani.*
*— Mama, Mukono*

Mpe hongera binti yako kwa karamu hiyo ya kalamu. Na umwambie mume wako kwamba mtoto hakubahatisha. Katika Kiganda herufi r huandikwa baada ya e na i; mahali pengine ni l. Ndiyo maana sikio la mtoto wa Mukono linasikia "kalamu" hata pale wewe umetamka "karamu". "Mutoto" imetoka hukohuko, na h ya "harusi" hata watu wazima wengi wa kwetu wanaidondosha. Makosa yake yana kanuni ndani yake, nami huyafurahia, kwa sababu yananionyesha mtoto anayesikiliza sauti moja moja na kuitafutia herufi.

Hii ndiyo neema ya Kiswahili na ya lugha zetu nyingi: neno linaandikwa karibu sana na linavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi zake, anaweza kuandika lolote analoweza kulisema, hata kabla hajafundishwa neno hilo. Kwa Kiingereza hawezi hivyo; kuna maneno itambidi ayakariri. Tukimzuia kuandika mpaka awe na uhakika wa kila neno, atabaki na maneno kumi ya ubaoni, na maisha yake hayaenei humo.

Mume wako hajakosea kujali. Kilichobaki ni mpangilio. Anapoandika, msimguse. Anapowasomea, sikilizeni habari hadi mwisho na mjibu habari. Kesho yake, kwenye karatasi nyingine, chukueni neno moja tu, karamu na kalamu, mlicheze pamoja kwa ulimi: ipi inaliwa, ipi inaandika. Neno moja kwa wiki ni zaidi ya hamsini kwa mwaka, na hayo hatayasahau. Kama anataka kubandika karatasi ukutani wageni waione, basi hiyo isafisheni yote pamoja naye, kwa sababu sasa kuna msomaji asiyeijua sauti yake.

Umeuliza pia, mwisho wa barua, aandike lugha gani. Tangu mtaala wa mada uanze mwaka 2007, P1 hadi P3 wanapaswa kufundishwa kwa lugha ya eneo lao, na P4 ndiyo ya kuvukia kwenye Kiingereza. Lakini shule nyingi za mjini, zenye watoto wa makabila mengi, huanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anabeba lugha mbili, tatu. Mimi nasema habari iandikwe kwa lugha iliyotokea nayo. Ugomvi wa kisimani ulikuwa kwa Kiganda? Uandikwe kwa Kiganda. Akichanganya, achanganye. Kuzitenganisha atajifunza, ana muda.

*

*Mwanangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu anamchapa vidole. Nimzoeshe wa kulia?*
*— Baba, Iganga*

Hapana, baba. Mkono wa kushoto hauna kosa. Weka daftari limeinama kidogo upande wa kulia ili aone anachoandika na asikifute kwa kiganja. Na nenda ukamwone mwalimu mkuu kwa upole, umkumbushe kwamba viboko shuleni vimepigwa marufuku na sheria ya watoto ya mwaka 2016. Mtoto anayeogopea vidole vyake hatakuandikia kitu.

*

*Mwalimu mwenzangu, nina watoto 94 katika P3. Madaftari ni shida, wengine wanaandikia kwenye gamba la ndani. Mwalimu mkuu anataka mitihani ya kila mwezi. Nikisema watoto waandike maisha yao, nitasahihisha saa ngapi? Na nikiwapa mada, wote 94 wananiletea kitu kimoja: nilikwenda kijijini, nilifurahi, nilirudi.*
*— Mwalimu wa P3, Tororo*

Pole na kazi, mwalimu. Nimekaa kwenye hicho kiti. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake linaniuma.

Mwaka wangu wa tatu kazini kijana mmoja wa P3 alitoka likizo ya muhula wa kwanza kwa mjomba wake upande wa Masaka, msimu ule wa nsenene, panzi wetu wa kuliwa, wa Aprili na Mei. Aliniandikia ukurasa na nusu. Aliandika mapipa yalivyopangwa, mabati yalivyoegemezwa juu yake, taa zikawashwa, kubwa, za kuumiza. Aliandika panzi walivyogonga mabati kama mvua ya mawe, wakateleza mpaka ndani ya pipa. Kwamba mjomba alimfunga kitambaa kichwani. Kwamba asubuhi macho yalikuwa mekundu na alikula nsenene za kukaanga mpaka tumbo likakataa. Mimi, mwalimu mpya, mwenye bidii, nilichukua kalamu nyekundu nikazungushia makosa. Yalikuwa 23. Chini nikaandika: "Rudia. Kuwa makini." Sikuandika neno hata moja kuhusu nsenene.

Muhula uliofuata aliniandikia hivi: "Nilikwenda kijijini. Nilifurahi. Nilirudi." Hakuna kosa hata moja. Nikampa vema.

Watoto wako 94, mwalimu, hawaleti kitu kimoja kwa sababu maisha yao ni kitu kimoja. Wamejifunza ni sentensi zipi haziumizi. Ukibadilisha unachojibu, watabadilisha wanachoandika. Itachukua wiki kadhaa, lakini watabadilika.

Sasa saa na karatasi. Daftari moja la kurasa 96 lina karatasi 48. Zikate katikati, unapata vipande 96: watoto wako wote na viwili vya akiba. Kipande kidogo kinasaidia pia, hakitishi. Waandike mara moja kwa wiki, robo saa. Wala usisahihishe yote. Kila siku soma watano, andika sentensi moja chini ya kila kazi, na sentensi hiyo iwe juu ya habari: "Yule kuku alipatikana?" Watano kwa siku, siku 19 za shule umewamaliza 94, muhula haujafika nusu. Nyingine wasomeane wawili wawili kwenye dawati. Mtoto akisikia mwenzake anasema "sijaelewa hapo", anarekebisha haraka kuliko akisikia kwako.

Muda wa kipindi unao, ila umekaliwa. Mtaala wetu wa P1 hadi P3 una kipindi cha Habari kila siku, kimewekwa makusudi ili mtoto aseme yaliyompata. Lakini pita madarasani asubuhi uone ubao: "Leo ni Jumatatu. Jua linawaka. Sisi tuko P3." Mvua inanyesha nje na jua la ubaoni linawaka. Kirudishe hicho kipindi kwa wenyewe. Mtoto mmoja aseme, wewe uandike ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, wengine wasome. Mwalimu mkuu akiuliza, huo ni mtaala, na ni usomaji, na ni maandalizi ya insha watakayokutana nayo mbele.

Jambo moja jingine, nililifundishwa chuoni na mkufunzi mzee, likanikaa. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Ufaransa ilikuwa na mwalimu aitwaye Célestin Freinet aliyerudi vitani na jeraha la mapafu. Kusema kutwa nzima mbele ya darasa kulimchosha. Katika kijiji cha Bar-sur-Loup, mwaka 1924, alinunua mashine ndogo ya kupigia chapa, watoto wakawa wanapanga herufi za chuma kwa mikono yao na kuchapa habari walizoziandika wenyewe. Kisha wakaanza kupelekeana karatasi hizo na watoto wa shule moja ya Trégunc, mbali sana, kule pwani ya bahari. Watoto wa milimani wakawa na mtu wa kumweleza mlima, kwa sababu wa pwani hakuujua.

Mashine hatuna, lakini mabasi tunayo. Nilifanya hivyo mimi na rafiki yangu aliyekuwa anafundisha Busia. Bahasha moja kwa muhula, kondakta akaibeba kama kifurushi. Watoto wangu waliandika habari za mukene, dagaa wetu, wanaoanikwa Masese, ufukweni hapa Jinja. Wale wa Busia wakauliza, kwa nini juu ya nyavu na si chini? Mtoto ambaye hakuwahi kuandika mistari mitatu alijaza ukurasa kueleza kuhusu mchanga na mbwa. Nitafurahi ukiniandikia ikiwa unataka shule ya kupelekeana nayo. Nitawaunganisha.

*

*Mwalimu, mimi ni askari. Binti yangu wa P3 ameandika shuleni kwamba mimi na mama yake tulirushiana maneno na sahani ikavunjika. Mwalimu wake alisoma mbele ya darasa. Hapa kambini tunakaa ukuta kwa ukuta, jioni hiyo kila mtu alikuwa amejua. Nimemkataza kuandika mambo ya nyumbani. Mke wangu anasema nimekosea.*
*— Baba, Arua*

Asante kwa kuandika, baba. Najua haikuwa rahisi kuiweka hiyo kwenye karatasi, na naona uliiandika bila kuficha, kama binti yako.

Aliyekosea kwanza ni mwalimu. Kazi ya mtoto haisomwi kwa sauti kabla ya mtoto kuulizwa, na hata akikubali, mwalimu lazima aitazame kwa jicho la mtu mzima. Darasani kwangu tulikuwa na desturi moja: ukikunja karatasi yako mara mbili, hiyo ni ya mwalimu peke yake. Haisomwi, haibandikwi. Nilishangaa zilivyokuwa nyingi zilizokunjwa. Nenda ukamwombe mwalimu wa binti yako aanzishe hilo, na umwambie bila ukali alichowafanyia.

Binti yako hakukutangaza. Alisikia kelele, akasikia sahani, akalala nayo, na siku ya pili akapewa karatasi akaambiwa aandike kilichotokea nyumbani. Alifanya alichoambiwa.

Kuhusu kumkataza, mke wako ana haki, na nitakueleza sababu niliyoiona kwa macho. Wanaowadhuru watoto huwaambia maneno hayohayo: usiseme kokote, mambo ya humu ndani ni ya humu ndani. Mtoto hajui kutofautisha katazo lako wewe, lililotokana na aibu ya sahani, na la mtu mwenye nia mbaya. Akizoea kwamba ya nyumbani hayaandikwi, siku akiwa na jambo la kweli la kusema hatakuwa na mahali. Karatasi zilizokunjwa mara mbili zimenipeleka mara kadhaa kwa mwalimu mlezi wa wasichana, na mara moja kupiga simu namba 116, ile ya bure ya watoto. Na walimu wanaosoma hapa wanisikie: karatasi ya namna hiyo huipeleki kwa mzazi mlangoni wala huijadili ofisini kwa walimu wote.

Kwako wewe ningeomba hivi. Kaa naye, siku ambayo huna zamu na huna haraka. Mwambie katazo umeliondoa. Mwambie kuna ya kusomewa watu na kuna ya kukunja, na kwamba atachagua yeye. Kisha muulize kuhusu usiku ule, yeye alikuwa wapi, alifikiri nini kitatokea. Usijitetee. Ukiweza kumwambia pole, mwambie, na mama yake awepo.

*

*Asalaam aleikum mwalimu. Barua hii anaiandika mjukuu wangu, yuko P3, mimi nasema yeye anaandika. Mimi sikusoma. Mama yake yuko Uarabuni kazini. Mwalimu amesema sisi wa nyumbani tuwasaidie watoto kuandika. Mimi nasuka mikeka tu. Nitamsaidia vipi na kitu nisichokijua?*
*— Bibi, Bombo*

Waaleikum salaam, Bibi, na shikamoo. Barua yako imejaa kurasa mbili, ina nukta mahali pake, na kila neno nimelielewa. Hiyo ni kazi ya jioni nzima kwa mtoto wa P3. Hivyo ndivyo unavyomsaidia, na umekwisha kuanza.

Endeleeni hivyohivyo. Siku moja useme wewe aandike yeye: ukili unachovya rangi gani kwanza, unachemsha muda gani, unajuaje imekolea. Asipojua kuandika neno la kwenu, alitamke polepole aliandike linavyosikika. Siku nyingine aandike yake, akusomee. Wewe usiyesoma una faida ambayo mimi sina: huwezi kuona makosa ya herufi, utasikia habari tu. Pale usipoelewa mwambie, "Rudia, sijaona." Arudie mpaka uone. Na zile nzuri zipelekwe kwa mama yake Uarabuni, kwa mwandiko wake, hata zikiwa na madoa ya chai.

Kitu kimoja nataka kukuuliza, Bibi. Kwenye ukurasa wa pili, katikati, kuna mstari ambao nadhani hukuusema wewe. Umeandikwa hivi: "Bibi amesimama anafukuza mbuzi mimi namgoja." Halafu barua inaendelea. Mwambie mjukuu wako nimeuona, na nangoja jibu: mbuzi alikuwa wa nani, aliingilia wapi, na alikuwa amekula nini mpaka bibi akaacha barua akasimama?